Shahidi wa Rangi Nchini Kiooni

Tangazo lilisema: "Anahitajika mtu mkweli, mgeni, asiye na uzoefu wowote."

Nililisoma mara tatu. Ulikuwa umepita mwaka mmoja na miezi minne tangu nihitimu shahada ya ufugaji, na katika muda huo nilikuwa nimejibu matangazo mengi, yote yakitaka uzoefu wa miaka mitano. Hili lilikuwa la kwanza kunitaka jinsi nilivyo. Niliandika maombi siku hiyo hiyo, nikaambatanisha vyeti, na kwa moyo mweupe nikaongeza sentensi moja mwishoni: sijawahi kusema uongo katika jambo kubwa. Jibu lilikuja katika bahasha iliyoshonwa kwa uzi wa buluu badala ya kugundishwa. Baada ya wiki tatu nilikuwa Kiooni.

Naandika haya kwa sababu watu huniuliza niliona nini huko, na kila nikijibu kwa mdomo huishia kujipinga mwenyewe. Labda kwenye karatasi nitaelewa.

Kiooni ni nchi ndogo, safi, yenye watu wapole. Hawafugi ng'ombe, kuku wala paka. Kila nyumba ina kioo kimoja kipana sebuleni, mahali ambapo sisi tungeweka kabati la vyombo, na ndani ya kioo hicho mna nchi nyingine: kilima, kijito, mti mmoja wa matunda, na vinyama. Vinyama hivyo si vya damu, ni vya mwanga. Huwezi kukitoa kimoja ukakipakata, kama usivyoweza kuitoa sura yako ndani ya kioo cha kujitazamia. Lakini vinazaliwa, vinajifunza maneno mawili matatu, vinazaa, vinazeeka na kufa. Ukipitisha kidole juu ya kioo, kinyama kilicho chini ya kidole hufumba macho na kutulia.

Aliyevitengeneza, wanayemwita Mwasisi, alivitengeneza ili watoto wavichezee, kisha akaondoka bila kuaga. Hilo linafundishwa shuleni. Hata hivyo ni kosa kutamka neno "mchezo" katika ofisi ya serikali, na mlangoni mwa Jumba la Vioo, zilipo ofisi za rangi, pana kibao kinachomkumbusha kila aingiaye.

Kinachoiendesha nchi ni rangi. Vinyama vinapozaa, mara moja moja hutokea mgeuko: wazazi wa kijani wakapata mtoto mwenye mgongo wa zambarau, au mweupe akazaliwa na mkia unaobadilika kila akipita kwenye jua. Mgeuko ukitokea, mtaa mzima hupiga vigelegele, na mwenye kinyama hupandishwa cheo kazini. Niliambiwa kwamba Waziri wa Maji alipata wizara yake kwa kinyama chenye masikio ya rangi ya fedha. Niliuliza kama anajua mambo ya maji. Mwenyeji wangu aliniangalia kwa huruma.

Mwenyeji huyo alikuwa Bwana Makungu, Msajili wa Rangi, mtu mrefu mwenye sauti ya upole. Ndiye aliyenieleza kazi yangu siku ya kwanza.

"Kazi yako ni nyepesi, Bi Shahidi," alisema. "Kinyama kinaletwa mbele yako. Unaapa. Nakuuliza, unaijua rangi hii? Ukiweza kuitaja jina, ni rangi ya zamani. Ukishindwa, ni rangi mpya, rejista iseme isemavyo."

"Kwa nini asifanye raia?"

"Raia wetu wana tatizo la kumbukumbu. Kinyama kikiwa chake, mtu husahau hata jina la kijani. Kikiwa cha jirani, hukumbuka majina ambayo bado hayajabuniwa."

Kisha akanieleza sheria ya saba. Ukoo uliopitisha vizazi saba bila kuleta rangi mpya huzimwa.

"Huzimwa vipi?"

"Mwanga unaondolewa. Hakuna maumivu, tunaamini."

"Lakini kwa nini?"

"Nafasi, Bi Shahidi. Vioo havitoshi."

Nyuma yake palikuwa na ukumbi mrefu wenye vioo vinavyowaka. Katika kila kimoja kulikuwa na kilima, kijito na mti uliojaa matunda, na hapakuwa na kinyama hata kimoja. Nikamwonyesha.

"Aa, hivyo vimetengwa," alisema, "kwa ajili ya rangi zitakazopatikana."

Niliandika katika daftari langu: *Uliza tena.* Nilikuja kugundua kwamba nusu ya daftari ilijaa maneno hayo mawili.

Wiki za mwanzo nilihudhuria mabaraza. Niliona watu wazima wakijadiliana siku tatu kama mstari ulio kwenye sikio la kinyama ni wa urujuani au ni wa zambarau iliyochoka. Kulikuwa na Kamati ya Mng'ao na Kamati ya Vivuli, na kamati ya tatu iliyoundwa kusuluhisha hizo mbili, ambayo yenyewe ilikuwa imegawanyika. Wote walizungumza kwa adabu. Hakuna aliyekuwa mjinga, na hilo ndilo lililonichanganya zaidi.

Fahari ya nchi ilikuwa kinyama kimoja cha kike kiitwacho Johari, kilichozaliwa nyumbani kwa Bwana Faki Mbwera, mfugaji mashuhuri. Shahidi aliyenitangulia alikuwa ameshindwa kuitaja rangi yake, nami nakiri ningeshindwa vilevile. Ilifanana na moto wa jiko la gesi, halafu ukigeuza kichwa ikafanana na mgongo wa mbawakawa. Nilisimama mbele ya kioo chake nikahisi machozi.

Kisha nikaona namna anavyolishwa. Mtunzaji mwenye sare alisimama mbele ya kioo. Kwa kidole alichuma tunda mtini, akalivuta taratibu hadi kwenye kinywa cha Johari, akalisukuma ndani, kisha akampapasa koo mpaka akameza. Halafu tunda la pili. Johari hakuangalia tunda. Hakuangalia kitu chochote.

"Anaumwa?" niliuliza.

"Anaumwa!" Bwana Faki aligeuka kuwatazama wenzake. "Jamani, mgeni anauliza kama Johari anaumwa."

"Mbona haendi kula mwenyewe? Mti huo hapo."

"Bi Shahidi, wewe ungekuwa na rangi hii, ungetembea kwa miguu?"

Watu wakacheka. Nikacheka nao, kisha nikaona haya, maana sikuwa nimeelewa.

Chuoni tulifundishwa kwamba daftari la mifugo huanza na lishe: mnyama amekula nini, kiasi gani, amesaza nini. Nikamwomba Bwana Makungu anionyeshe rejista kuu. Ilikuwa na safu kumi na moja: rangi ya mgongo, rangi ya tumbo, mng'ao, kivuli, rangi ya baba, rangi ya mama, na kuendelea.

"Kula kunaandikwa wapi?" niliuliza.

Alipekua kurasa kwa uaminifu, mbele na nyuma. "Sidhani kama swali hilo limewahi kuulizwa."

"Ni vinyama vingapi nchini vinavyokula vyenyewe?"

"Vijilishe vyenyewe kwa nini, na watu wapo?"

Hapo nikaanza kuelewa, au nilidhani naelewa. Kwa miaka na miaka walikuwa wamechagua wazazi kwa rangi peke yake. Kinyama kilichozaliwa na rangi nzuri lakini bila njaa kililishwa kwa mkono, kikazaa, na watoto wake wakalishwa kwa mkono. Njaa ilidondoka njiani kama ufunguo unaotoka kwenye mfuko uliotoboka. Hakuna aliyeusikia ukianguka, kwa kuwa mlango ulikuwa unafunguliwa na mtu mwingine.

Ndipo likaletwa faili la Bi Kazija.

Bi Kazija alikuwa fundi cherehani. Ndiye aliyeshona sare za watunzaji wote na bahasha zote za serikali. Ukoo wa kinyama chake ulikuwa umefika kizazi cha saba bila mgeuko hata mmoja, na alikuwa amebakiwa na kimoja tu. Baraza lilikuwa limepangwa siku ya Alhamisi. Kwa taratibu zao shahidi humtembelea mwenye kinyama kwanza, ili akione katika mwanga wa nyumbani, kwa hiyo Jumatano asubuhi nikabisha hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, pita. Usikanyage vitambaa."

Alinikaribisha chai ya tangawizi na mihogo ya kukaanga. Hakuniongoza kwenye kioo. Alirudi kwenye cherehani yake kana kwamba nimekuja kupimwa nguo. Kioo chenyewe kilikuwa nyuma yangu, na niligeuka niliposikia kitu kinagonga.

Kinyama kilikuwa kimesimama mbele kabisa, kimebeba tunda kwa mikono miwili, kinaligonga kwenye kioo kwa upande wa ndani. Kilikuwa na rangi ya kawaida kabisa.

"Wewe kula," kilisema.

"Anaitwa Tumbo," alisema Bi Kazija bila kuinua kichwa. "Akiona mtu hadhani kama ameshiba."

"Wewe kula," Tumbo alirudia, akaligandamiza tunda kwenye kioo hadi maji yakachuruzika. Sikujua la kufanya. Nikamega kipande cha muhogo, nikakitafuna mbele yake. Alinitazama mpaka nikameza. Ndipo akaketi, akala lake.

"Nani alimfundisha?"

"Hakuna aliyemfundisha. Anasikia njaa, basi anajua na wengine wanasikia."

Mashine ilinyamaza. Bi Kazija alinieleza kwamba zamani alikuwa na vinyama vinne vya zambarau, vya ukoo mwingine, na mtaa ulimheshimu kwa ajili yao. Tumbo alikuwa mtoto asiye na maana pembeni yao. Kisha dada yake akafariki, akaenda msibani siku tatu, na jirani aliyeahidi kuwalisha akasahau.

"Niliporudi, wanne walikuwa wamekufa. Mti umejaa matunda, mwanangu. Huyu peke yake alikuwa hai. Alikuwa ameketi kati yao, na kila mmoja ana tunda mdomoni. Alikuwa amewawekea. Alikuwa anawaambia wale."

Nikamuuliza kuhusu jambo nililokuwa naogopa yeye atalianzisha: "Unataka nifanye nini kesho?"

"Umeapa kusema kweli?"

"Nitaapa."

"Basi swali la nini, mwanangu?" Akarudi kwenye mashine.

Nilitoka pale nikiwa nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia. Rangi ya Tumbo niliijua tangu nikiwa mgongoni kwa mama. Kwetu huiita maji ya kunde, rangi ya maji yanayobaki sufuriani kunde zikiiva, na ndiyo rangi ya mikono ya mama yangu. Nikiitaja, Tumbo anazimwa. Nikinyamaza, mimi si yule niliyemwandika kwenye barua ya maombi.

Alhamisi ukumbi ulijaa. Kioo cha Bi Kazija kilibebwa na watunzaji wanne, kikawekwa bega kwa bega na cha Johari. Ni desturi yao: mlango kati ya vioo viwili hufunguliwa ili rangi zilinganishwe katika mwanga mmoja.

Bwana Faki alisimama kabla ya kuitwa. "Waheshimiwa, tunapoteza wakati. Hiyo ni rangi ya udongo."

"Udongo wa wapi?" aliuliza mjumbe mmoja.

"Udongo ni udongo!"

"Nyumbani kwangu ni mwekundu."

"Na kwetu ni mweusi," mwingine akadakia.

"Kamati ya Udongo itaundwa wiki ijayo," alisema Bwana Makungu, akaandika. "Tuendelee."

Wakati wakibishana, Tumbo alikuwa ameuona mlango. Alichuma tunda, akapita, akapanda kilima cha Johari. Alimtazama kwa muda. Kisha akaliweka tunda kwenye midomo yake.

"Wewe kula."

Johari akageuza macho. Nasema nilichokiona: hakugeuza kichwa, aligeuza macho, akalitazama tunda. Mdomo wake ukafunguka kidogo.

"Amemgusa!" Bwana Faki alipiga kelele. "Mtoeni! Atamchafua rangi!"

Mtunzaji mmoja alimsukuma Tumbo kwa kidole hadi upande wake, na mlango ukafungwa. Nikaitwa mbele. Nikaweka mkono juu ya rejista, nikaapa. Bwana Makungu aliuliza kwa sauti yake ile ya upole:

"Bi Shahidi, unaijua rangi hii?"

Nilimtazama Tumbo. Alikuwa ameshachuma tunda jingine, analigonga kwenye kioo, upande wangu. Nikamtafuta Bi Kazija kwa macho. Alikuwa ameketi safu ya nyuma, sindano mdomoni, anashona.

"Siijui," nilisema.

Vigelegele vikapasua ukumbi. Watu waliosema udongo dakika moja iliyopita walikuwa wanakumbatiana, na mmoja alisikika akisema ameiona thamani yake tangu mwanzo. Bwana Makungu aliandika: *Rangi mpya. Jina: Isiyojulikana.* Nilikuwa nimesema uongo wa kwanza wa maisha yangu katika jambo kubwa, na nchi nzima ilikuwa inanishangilia kwa ukweli wangu.

Bi Kazija hakupiga kigelegele. Nilipomfikia alikuwa anakunja kitambaa chake.

"Amepona, mama," nilisema.

"Hujasoma sheria ya nane?"

Sikuwa nimeisoma. Sheria ya nane inasema rangi mpya ni mali ya taifa. Kinyama huhamishiwa Jumba la Vioo, huoanishwa na rangi kuu, hulishwa kwa mkono, na huzungushiwa uzio kisifike mtini, kwa kuwa kutembea hupunguza mng'ao. Tumbo alikuwa ameshaanza kubebwa.

"Ningesema kweli wangemzima!"

"Najua."

"Sasa ningefanyaje?"

"Sikulaumu, mwanangu. Umemtoa kwenye sheria moja ukamtia kwenye nyingine. Nasema tu ulichofanya."

Nilikaa wiki mbili zaidi, nikaomba kuondoka. Siku ya mwisho nilipita Jumba la Vioo. Tumbo alikuwa ndani ya uzio pamoja na Johari, na mtunzaji, mtu wa makamo aliyevaa sare mpya, alikuwa amefikia zamu ya kumlisha. Alivuta tunda hadi mdomoni mwake. Tumbo akalipokea kwa mikono miwili, akaligeuza, akalinyoosha kwenye kioo.

"Wewe kula."

Mtunzaji akaangalia nyuma yake, kushoto, kulia. Kisha akainama, akafungua kinywa mbele ya kioo, akatafuna hewa kwa sauti, nyam nyam, kama mtu anayembembeleza mtoto mchanga. Tumbo aliridhika, akala nusu. Nusu nyingine akampelekea Johari. Mtunzaji aliponiona, alisimama wima kama askari.

"Sikuwa nacheza," alisema haraka.

Nilimwambia sikuona kitu. Huo ulikuwa uongo wa pili, na ulinitoka kwa wepesi ulionitisha.

Miezi saba imepita. Nimepata kazi ya muda katika shamba la kuku, ambako kila asubuhi nafungua daftari na kuandika safu ya kwanza: wamekula. Nilidhani Kiooni imeniacha. Mwezi huu imekuja barua kutoka kwa Bwana Makungu, ndefu, ya heshima. Ninanukuu sehemu yake.

"Johari na Isiyojulikana wamepata watoto kumi na watatu, wote wenye rangi ya mama yao, na wamegawiwa kwa nyumba bora. Lakini umezuka ugonjwa. Watoto hao huamka wenyewe na kwenda mtini bila ruhusa. Hula. Baya zaidi, huwapelekea wenzao matunda na kuwasumbua mpaka wale, na wapo waliokwisha kuambukizwa, akiwemo Johari mwenyewe, ambaye juzi alivunja uzio. Tumeuita ugonjwa huu homa ya kula. Umefika nyumba arobaini, kupitia milango ya kulinganisha rangi. Watunzaji hawana la kufanya, na baadhi yao wameonekana mbele ya vioo wakifanya jambo ambalo siwezi kulitaja katika barua ya serikali. Bwana Faki anataka wagonjwa wote wazimwe. Baraza haliwezi kuamua, kwa kuwa rangi zao ni nzuri na sheria haijui kitu kingine. Limeazimia kusubiri ushauri wako. Kwa kuwa wewe ni mtu mkweli, na kwa kuwa umesomea mifugo, tafadhali tuandikie upesi dawa yake."

Nimejaribu kujibu. Nimeandika "Mheshimiwa Msajili" kwenye karatasi tano. Katika moja nilieleza yote, pamoja na uongo wangu, kisha nikakumbuka kwamba nikiufuta uongo ule nafuta na haki ya Tumbo kuishi, na labda na ya watoto wake. Katika nyingine nilianza kubuni dawa, nikaona haya. Sijui kama nilitenda jema. Najua tu kwamba kuna nyumba arobaini huko ambazo mtu akienda msibani siku tatu, atarudi awakute wazima.

Jana, nikiwa nataka kuitupa bahasha, niliona mshono wake wa buluu ni mnene upande mmoja. Nikaufumua kwa wembe. Ndani ya pindo palikuwa na kipande cha kitambaa kidogo kama ukucha wa dole gumba, cha rangi ninayoijua vizuri sana, na maneno yaliyoshonwa kwa uzi mwembamba:

*Usijibu upesi, mwanangu.*